Notisi 17

Notisi ya kwanza niliipokea mi mwenyewe, Jumatatu asubuhi mwezi wa pili mwaka juzi. Kijana wa ofisi nyingine ya mawakili alipanda ngazi mpaka kwetu akihema, lifti ilikuwa imekufa siku hiyo, akaniwekea karatasi mbili kaunta, nikazisoma juu juu kama kawaida, nikagonga muhuri wa kupokea, nikaandika saa, nikasaini, nikamrudishia kopi yake. Ilikuwa notisi ya kubadilisha wakili. Maana yake mteja, na huyu mteja alikuwa benki, ameiambia mahakama kwamba kuanzia leo anayemsimamia sio sisi tena, ni ofisi fulani ya Bugolobi, hapa hapa Kampala. Hiyo ofisi sikuwahi kuisikia lakini jina la wakili nililijua vizuri sana, alikuwa patna wetu, yaani mmoja wa mawakili wenye hisa kwenye ofisi, alituaga siku kumi kabla na tulimkatia keki.

Sikushtuka. Nikaitia kwenye faili nikaenda kunywa chai. Lakini wiki iliyofuata zikaja mbili, halafu moja, halafu tatu siku moja, mi nikaanza kuziandika nyuma ya daftari langu, tarehe na jina la mteja basi. Kufika mwezi wa sita nilikuwa nimegonga muhuri notisi 17. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kitu chochote kuhusu hali ya ofisi, ila mi nilikuwa najua kwa sababu ya huo muhuri.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita msichana mmoja niliyemfundisha kazi ya ukarani kanitumia voisi ya dakika sita. Yuko kwenye ofisi kubwa ya mawakili hapa hapa Kampala, ananiuliza dada, watu wanaondoka mmoja mmoja na mabosi wako kimya, nikae au niondoke? Nikaanza kumjibu kwa WhatsApp nikaona maneno yanazidi. Na naandika Kiswahili makusudi. Kwenye ile ofisi kila kitu kilichotuumiza kiliandikwa kwa Kiingereza kizuri sana, na walioumia zaidi ndio wale ambao hawakuweza kukisoma.

Ofisi yenyewe siitaji jina. Nilikaa hapo miaka sita na kitu. Ilikuwa Nakasero, floo mbili, mawakili zaidi ya 30, na sisi wengine kama 40 hivi, makarani, masekretari, madereva, watu wa akaunti, askari, mama wa chai. Kwa Uganda hiyo ni kubwa sana, ofisi nyingi za mawakili hapa ni watu wawili watatu na sekretari mmoja na fotokopi. Mama yangu kule Busia akiulizwa binti yako anafanya wapi alikuwa anataja jina la ofisi kabla hajasema kazi gani. Kijana akitoka LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, na diploma yake ya uwakili akapata kiti pale, nyumbani wanachinja. Tuliipenda ile ofisi, nataka hilo lieleweke, watu hawaumii hivyo kwa mahali wasipopapenda.

Sasa watu wa nje wanashangaa, inakuwaje ofisi kubwa vile inaanguka kwa mwaka mmoja? Mi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Lakini ofisi ya mawakili sio kiwanda cha sukari, kiwanda meneja akiondoka mashine zinabaki na miwa inabaki. Kwa mawakili mteja alimpa kesi mtu, sio kibao cha mlangoni. Walisoma wote, au wanasali pamoja, au huyo wakili ndiye aliyemwokolea shamba la baba yake, sasa huyo wakili akihama mteja anafungasha naye. Yanayobaki ni meza na kodi ya jengo, na kodi ya Nakasero ile ya majumba mazuri inalipwa kwa dola, shilingi ikiteleza kidogo tu mhasibu wetu alikuwa anashika kichwa.

Halafu kuna hii ya madeni. Kwenye vitabu tulikuwa matajiri. Kazi imefanywa, bili zimetumwa, lakini hazijalipwa, na kama umewahi kufanya kazi ya wizara yoyote unajua kulipwa na serikali kunavyochukua muda, mwaka unaisha unaambiwa bajeti ijayo. Mishahara haisubiri bajeti ijayo. Kwa hiyo ofisi inachukua overdrafti benki, yaani inatumia zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, mapatna wanaweka saini. Patna mmoja akiondoka anaondoka na wateja wake, na anadai mtaji wake arudishiwe, na deni la benki linabaki kwa waliobaki. Ni kama kubeba jeneza. Mmekuwa sita, wawili wakiachia njiani wale wanne wanausikia uzito mara moja, wa tatu anaanza kufikiria mgongo wake mwenyewe, na hana ubaya, ana watoto. Kila anayeondoka anampa anayebaki sababu nzuri zaidi ya kuondoka.

Kuna kijana mmoja wakili pale, mpole, alikuwa anapenda kusoma, ndiye aliyenihadithia habari za Dewey & LeBoeuf ya New York. Ofisi mbili za zamani ziliungana mwaka 2007 zikawa na mawakili kama 1,300. Wakaahidi mapatna wao wakubwa malipo ya uhakika, yaani faida ije isije wewe mamilioni yako ya dola yako pale, ili tu wasiende kwa wengine. Ukaja mtikisiko wa uchumi wa 2008, faida haikutosha kulipa zile ahadi, mwaka 2010 wakakopa kwa kuuza hati za dhamana za dola milioni 150. Mwanzoni mwa 2012 mapatna wakaanza kutoka, kwanza wachache, halafu makundi kwa makundi, na tarehe 28 Mei mwaka huo huo wakaenda mahakamani kuomba kufilisika. Nikamwambia lakini sisi sio New York, sisi hatuna hata hizo ahadi. Akasema dada, hizo ahadi ndizo zilizowaweka kwenye deni, kilichowamaliza ni ule mwendo wa kutoka. Akanitajia na nyingine, Heller Ehrman ya San Francisco, ilianza 1890, ikafa 2008, kundi moja la mapatna lilihama mwezi wa tisa na benki waliokuwa wanaikopesha wakabana, miaka 118 ikaishia hapo.

Lakini kilichonikaa mimi kwenye hadithi ya Dewey sio mapatna. Wafanyakazi wa chini waliishtaki ofisi kwa sababu Marekani kuna sheria inayosema kabla ya kufukuza watu wengi namna hiyo unawapa notisi ya siku 60, na wao walisema hawakupewa. Nilifikiria watu wa fotokopi, watu wa kupanga mafaili, wanafika asubuhi na chakula chao kwenye mkebe. Hao sikuwahi kuwaona lakini nawajua.

Kwetu dalili ya kwanza ilikuwa chai. Nacheka na watu wakisema hivyo kuhusu ofisi zao lakini ni kweli kabisa. Saa nne asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na eskoti, chapati au mandazi, siku ya Ijumaa samosa. Kwanza samosa zikaisha. Halafu eskoti ikawa mkate vipande viwili. Halafu mama wa chai akaambiwa maziwa ni ya bodi ruum tu, sisi wengine tukawa kwenye chai ya rangi. Mama huyu ni mtu wa Arua, yeye na mimi Kiswahili ndicho kilichotuunganisha tangu siku ya kwanza maana Luganda yake ni ya kununulia nyanya. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, hawa watu wako sawa? Nikamwambia Mama, mi pia sijui. Nilikuwa najua. Notisi zilikuwa zimefika tisa. Sikumwambia kwa sababu niliogopa kuonekana nasambaza maneno, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko mambo mengi.

Keki nazo zilikuwa na hadithi yake. Patna wa kwanza alipoondoka keki kubwa, hotuba, picha. Wa pili keki ndogo. Wakili kijana wa kwanza kuondoka tulichanga wenyewe. Baada ya hapo mtu unamwona Ijumaa, Jumatatu kiti kiko wazi, mchana simu inaandika kwamba fulani ameondoka kwenye grupu. Grupu la ofisi lilikuwa na watu 74, nilikuwa naangalia hiyo namba kila nikiamka, 70, 66, 61. Mabosi nao walikuwa wanaangalia hiyo namba hiyo hiyo na hawakuandika hata mstari mmoja. Mwezi wa tano ndio tukaitwa bodi ruum wote, mzee mwenye ofisi akasema tuko imara, kuondoka kwa watu ni kawaida, tusisikilize maneno ya barabarani, tufanye kazi kwa bidii. Dakika 15. Hakuna aliyeuliza swali. Tulipotoka mawakili vijana watatu walienda moja kwa moja kwenye meza zao na kufungua CV, niliziona skrini nikipita.

Mi naamini siku ile ndiyo ofisi ilikufa, sio siku notisi ya benki ilipofika. Watu walikuwa tayari kukaa. Kuna waliosema wazi, tukiambiwa ukweli, kwamba tumepoteza wateja kadhaa, deni ni kiasi fulani, tunahamia jengo la bei nafuu Ntinda au Nakawa, mishahara itapungua kwa miezi sita, tutakaa tuvumilie. Waganda wamevumilia mengi kuliko hayo. Lakini ukiniambia kuko imara na mimi nimegonga muhuri mara 14, umenifundisha kwamba utakachosema kesho pia ni uongo. Kuanzia hapo hata taarifa za kweli hazikuaminika tena.

Na msifikiri hii ni habari ya wafanyakazi tu. Nawaambia kilichotokea mwezi wa saba. Kulikuwa na mteja, mzee wa biashara ya mahindi kutoka Masindi, kashtakiwa deni katika Mahakama Kuu kitengo cha biashara. Ukipewa samansi, yaani wito wa mahakama, una siku 15 kuweka utetezi, usipoweka upande wa pili wanaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Faili lilikuwa kwa wakili aliyeondoka Ijumaa moja bila keki. Halikukabidhiwa kwa mtu. Mi nilikuwa natafuta faili lingine kabisa, saa tisa mchana, nikalikuta chini ya boksi, nikafungua, nikahesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena. Ilikuwa siku ya 15.

Nikakimbia kwa yule kijana mpole. Akasoma, uso ukabadilika, akaanza kuandika hapo hapo. Tangu Machi 2022 mahakama zile tunafungua kesi kwa mtandao, kwenye mfumo wa mahakama unaoitwa ECCMIS, hupeleki tena karatasi kwa boda kama zamani, na kwa kawaida hilo lingetusaidia kwa sababu hatuhitaji kupigana na jam ya barabarani. Lakini intaneti ya ofisi ilikuwa imekatwa tangu asubuhi, bili. Nikafungua hotspoti ya simu yangu, betri asilimia 31, umeme upo lakini chaja yangu ilikuwa kwa dada wa mapokezi ambaye naye alikuwa kwenye intavyuu mahali. Tukapata namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, sasa nani analipa? Akaunti walisema vocha inasubiri saini ya patna, patna simu imezimwa. Nikalipa kwa mobile money yangu, pesa ndogo, ada ya kufungua utetezi sio kubwa, ila nakumbuka mikono ilivyokuwa inatetemeka. Saa kumi na moja kasoro dakika chache ikaingia, skrini ikakubali, kijana akaegemea kiti akafunika uso na mikono na akakaa hivyo kwa muda. Yule mzee wa Masindi hajui mpaka leo. Alikuwa amelipa ofisi kubwa ya Nakasero kwa sababu alitaka kuwa salama.

Wiki mbili baadaye yule kijana naye akaandika barua. Alikuja kwenye meza yangu akaniambia kwanza mimi kabla ya kuwaambia mabosi, akasema dada samahani, siwezi kubeba mafaili ya watu watano, siku moja nitakosa tarehe na Baraza la Sheria, wale wanaosimamia mawakili, litaniita mimi, sio aliyeondoka. Nikamwambia nenda. Nilimaanisha.

Kwa haki yao niseme hivi, pesa za wateja hazikuguswa. Mhasibu wetu, mtu mkali, alikuwa analinda akaunti ya wateja kama jicho lake, na mzee mwenye ofisi pamoja na yote hakumlazimisha. Kuna ofisi zilizofika hali kama ile zikala hela za mauzo ya ardhi za watu. Sisi hapana.

Hela zetu ndizo zilizoliwa. Mwezi wa nane nilikuwa kwenye taksi naenda Kireka, sina la kufanya, nikafungua akaunti yangu ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwenye simu. Sheria ni asilimia 5 inakatwa kwako na mwajiri anaongeza 10, na inatakiwa kufika kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mchango wa mwisho ulikuwa wa mwezi wa pili. Nikadhani ni mtandao, nikafunga nikafungua. Pay slipu zangu za miezi yote zilikuwa zinaonyesha imekatwa. Ile asilimia 5 ilikuwa yangu kabisa, jasho, sio zawadi ya mtu. Nilishuka steji mbili kabla ya kwangu nikatembea, sikutaka watu wanione.

Kesho yake nikawaambia wenzangu waangalie zao. Wote hivyo hivyo. Hapo morali ambayo ilikuwa imebaki, ya wale waliokuwa wanasema tukae tumsaidie mzee, ikaisha siku moja.

Mwezi wa kumi zikaja barua, kwa watu tisa. Zilisema ofisi inajipanga upya na inawashukuru kwa mchango wao. Mama wa chai akaniletea yake nimsomee, tumekaa kwenye ngazi za nyuma, nikamsomea kwa Kiswahili taratibu, akasikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu, wameandika pesa ngapi? Walikuwa wameandika mshahara wa mwezi mmoja. Alikuwa amefanya pale miaka 11. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema ukizidi miaka 10 notisi ni miezi mitatu, mitano mpaka 10 ni miezi miwili. Ofisi ya mawakili, jamani. Kwenye rafu za floo ya juu hiyo sheria ilikuwepo kopi nne, mimi ndiye niliyekuwa nazipanguza vumbi. Na kwa nini tisa? Sheria hiyo hiyo inasema ukiwaachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu lazima umtaarifu Kamishna wa Kazi. Watu wengine hawakupewa barua kabisa, waliachwa tu bila mshahara kamili, bila chai, bila intaneti, mpaka wakaondoka wenyewe. Ukiandika barua ya kuacha kwa hiari yako, madai mengi ya kiinua mgongo unakuwa umeyaacha mezani. Sisemi ilipangwa hivyo. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, swali lako la nikae au niondoke, siwezi kukujibu nikiwa hapa, sijui una nini nyumbani. Ila leo kabla hujalala fungua NSSF yako. Tunza kila pay slipu, piga picha. Kama ni wewe unayepokea karatasi kaunta, hesabu notisi. Usiandike barua ya kuacha kwa hasira, na usisaini kitu kinachosema umelipwa chote kama hujalipwa. Na kama kuna mama wa chai hapo, au askari, mwambie unachokijua. Mwambie mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Mi niliondoka mwezi wa 11, na barua yangu nilipewa baada ya kubishana wiki tatu, miezi yangu miwili nikaipata kwa mafungu. Kibao cha ofisi bado kipo, wamebaki mawakili saba kwenye nusu floo. Yule kijana ana ofisi ndogo na wenzake wawili huko Ntinda, ndiko nafanya sasa, na chai ni ya maziwa.

Michango ya NSSF bado. Tuliandika malalamiko, tukapewa namba, wamesema wanamfuatilia mwajiri. Mama wa chai simu yake ni ya vitufe haiwezi kuonyesha akaunti, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunakutana mbele ya Workers House, namwangalizia zake kwanza halafu zangu. Mwezi uliopita yake ilikuwa imesogea, miezi miwili imeingia. Yangu hapana. Alinishika mkono akasema zako zinakuja mwanangu, tukavuka barabara kwenda kula. Jumatatu tunarudi.